Kinanda cha Mdomo Kwenye Mlolongo

Sauti yangu ilitoka pamoja na uvimbe, Januari mwaka jana. Daktari alikuwa muungwana, aliniambia mapema. "Mzee Wakoli, uvimbe tutautoa, lakini umekaa karibu sana na kamba za sauti. Unaweza kuamka ukinong'ona." Nikamwambia autoe. Niliamka nikinong'ona.

Mimi ni mtu wa kiwanda cha magodoro, kule Industrial Area upande wa mtaa wa kwa Njenga. Jina lake silitaji. Miaka ishirini na minne nimekuwa kwenye chumba cha kuchambua, mahali ambapo mashine yenye meno inararua matambara na mabaki ya nguo mpaka yawe nyuzi za kujazia yale magodoro ya rahisi. Kazi hiyo inatoa vumbi kama unga wa posho. Kulikuwa na feni kubwa ukutani ya kulifyonza vumbi hilo. Ilizimika tarehe 9 Agosti 2011, siku ya Jumanne, kabla ya chai, na haijawaka tena. Wengine wamesahau tarehe. Mimi sijasahau, na nimekuwa nikiitaja mbele ya kila meneja aliyepita pale, watano sasa.

Niliitaja kwa sauti. Hilo ndilo lililoniuma nilipotoka hospitali. Machi 2009 walipotufungia geti siku kumi na moja, ni mimi niliyekuwa naanzisha nyimbo pale nje. Wimbo wetu tuliutunga wenyewe, tukiwa juani. Mwanzishaji anaimba mstari, watu wanaitikia "Tulikuwepo" wakipiga miguu chini. Kila mstari wa nne mwanzishaji anapandisha sauti halafu ananyamaza kabla ya neno la mwisho, na lile pengo watu wanalijaza kwa kitu wanachokitaka. Haliandikwi, halipangwi. Linalowauma ndilo linalotoka. Mwaka ule walikuwa wakilijaza kwa neno "Geti", na siku ya kumi na mbili geti likafunguliwa.

Sasa nilikuwa nikiita konda hanisikii. Mke wangu Selpher alinunua kengele ndogo niwe naigonga nikitaka chai. Sikuigonga hata mara moja.

Mama wa mazoezi ya kupumua pale hospitali alinipa chupa ya maji na mrija. Nipulize mapovu mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni ili mapafu yasilale. Nilikuwa napulizia kwenye ngazi za ploti yetu Kayole, na chini ya ngazi hizo ndipo Ruqiyo ana duka lake la jumla, mabeseni, ndoo, thamosi na vitu vya kuchezea vya watoto. Ruqiyo amezaliwa hapahapa Kayole na haogopi mtu.

"Adeer," akaniita siku moja kutoka mlangoni, vile Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba zao. "Hiyo chupa yako inasikika kama choo imeziba. Wateja wanaangalia chini wakiingia."

Nikanong'ona kwamba ni amri ya daktari.

"Amri ni kupuliza. Hakusema upulize maji." Akaingia, akafungua katoni, akatoa kinanda cha mdomo, bati na plastiki ya kijani, matundu kumi. "Puliza hii. Angalau panya watahama."

Nilikuwa na miaka hamsini na sita na sijawahi kugusa ala yoyote ya muziki. Kanisani nilikuwa wa kuimba tu. Nilipuliza matundu yote kwa pamoja, ikatoka sauti kama lori linarudi nyuma. Selpher alivumilia siku nne. Siku ya tano akaniambia, "Baba Nekesa, mimi nilimwomba Mungu akurudishie sauti. Sikutaja ya mbuzi."

Lakini ilikuwa sauti. Ilivuka ukuta. Mtu wa ghorofa ya tatu aligonga sakafu kwa mwiko akitaka ninyamaze, na mimi nilifurahi siku nzima. Miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa amenitaka ninyamaze.

Perez alikuja Jumapili moja mwezi wa Mei. Perez ni wa laini ya cherehani, mama wa miaka thelathini na kitu, anayeongea akiwa amekunja mikono. Alikataa kukaa.

"Mzee, uchaguzi wa shop steward ni Septemba. Simama."

Shop steward ni yule mfanyakazi anayekaa mezani na kampuni kwa niaba yetu. Kwa miaka tisa kiti hicho kilikuwa cha Andati. Kila tukimwuliza juu ya feni, Andati alisema iko kwenye ajenda. Na sasa mkataba mpya ulikuwa umeandikwa. Perez alikuwa ameuona kwa macho yake kwenye meza ya karani. Kifungu cha kumi na nne kilisema wafanyakazi wamekubali hali ya chumba cha kuchambua kama ilivyo. Atakayechaguliwa ndiye atakayetia sahihi. Akitia, feni imezikwa.

"Sina sauti, Perez," nikanong'ona.

"Tunajua. Andati anayo. Imetusaidia nini?"

Selpher akacheka jikoni. Nikasema sawa.

Ila nilijua sheria za mchezo. Uchaguzi wetu ni wa mlolongo, uwanjani, saa nne ya chai. Kila mgombea anapewa dakika tatu za kuongea mwenyewe, halafu watu wanapanga foleni nyuma ya mtu wao na wanahesabiwa. Nilikuwa na miaka ishirini mwaka 1988 nchi hii ilipopiga kura kwa mlolongo, na niliona kwa macho haya foleni ndefu ikitangazwa fupi na fupi ikitangazwa ndefu. Foleni naijua. Zile dakika tatu ndizo zilizoninyima usingizi. Ningesimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili na kunong'ona?

Basi nikaamua. Nitawapigia wimbo wa geti. Sikumwambia mtu, hata Perez.

Nikaanza kuutafuta kwenye lile bati. Mwanzo wa mstari niliupata upesi, unapanda kama ngazi, tundu la nne, la tano, la sita. Lakini ule mstari wa nne, pale sauti inapopanda kabla ya pengo, haukutoka. Noti yake haikuwepo. Nilipuliza tundu la kwanza mpaka la kumi, tena na tena, wiki tatu. Ninazipata zilezile, chini, katikati, juu, halafu zilezile tena. Nikaelewa nimefanyiwa nini. Nikakaa mezani nikamwandikia mtengenezaji barua ya kurasa mbili, nikamweleza kwamba tumezoea kuuziwa dawa nusu nguvu na mbegu nusu zilizokufa, lakini kumuuzia mtu maskini ala yenye nusu ya sauti kwa kudhani hatahesabu, hilo ni jambo jipya na litajibiwa. Nikateremka na barua dukani kwa Ruqiyo ili anipe anwani.

"Nimeuziwa nusu," nikamwambia.

"Hukuuziwa. Nilikupa bure."

"Basi nimepewa nusu. Noti zinakosekana. Soma."

Akasoma ukurasa wa kwanza akiegemea mabeseni. Mabega yakaanza kumtetemeka. "Wallahi adeer, wewe ukipewa yai utauliza kuku alilipwa nini."

"Na alilipwa nini?"

"Piga nikuone."

Nikapiga. Nilipofika mwisho wa pumzi nikakitoa kinanda mdomoni, nikageuza uso pembeni, nikavuta hewa kwa pua kidogo kidogo, nikakirudisha. Nikapiga tena. Nikakitoa tena.

"Ngoja," akasema Ruqiyo. Hakuwa anacheka. "Kwa nini unakitoa?"

"Nipumue."

"Si upumue nacho mdomoni. Vuta."

"Nivute nini?"

"Hewa, adeer. Kupitia hapo hapo. Kila mtu anayekijaribu dukani kwangu anapuliza na kuvuta, hata wale wasionunua. Ni wewe tu nimeona unakigeuzia shingo kama kinanuka."

Nikamtazama. Kwenye chumba cha kuchambua unafundishwa siku ya kwanza, na anayekufundisha ni mwenzako wa mashine ya pili, si kampuni. Mdomo ni wa kutoa. Kuvuta ni kwa pua, kupitia kitambaa chenye maji, kidogo kidogo, uso ukiwa umegeuzwa. Anayevuta kwa mdomo anakohoa mpaka saa ya chakula. Baada ya mwaka mmoja hufikirii tena. Baada ya miaka ishirini na minne unapumua hivyo mpaka kwenye harusi. Ala niliyopewa ilikuwa nzima kabisa. Nusu iliyokosekana ilikuwa yangu.

"Hapa ni duka la mabeseni," Ruqiyo akasema polepole. "Hakuna vumbi. Vuta."

Nikaweka mdomo kwenye tundu la nne. Kifua kikagoma. Sisemi kwa mfano, kilifunga kama mlango. Nikajaribu mara ya pili, kikafunga tena. Ruqiyo akageuka akajifanya anapanga ndoo, na heshima hiyo sitaisahau. Mara ya tatu nikavuta.

Noti ikatoka. Ilikuwa mle ndani siku zote, tundu la nne, upande wa kuvuta. Nikavuta la tano, nyingine. La sita, nyingine. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikawa navuta tu, tundu baada ya tundu, hewa inaingia kwa mdomo mpana kama ya mtoto anayelia. Sikulia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba machozi yasingepata nafasi. Feni moja mbovu, mameneja watano, na mimi hapa nimekuwa nikiishi kwa nusu pumzi na kuiita kawaida.

"Barua bado unataka nitume?" Ruqiyo akauliza.

"Nitabadilisha anwani," nikanong'ona.

Kuanzia hapo nilifanya mazoezi nikienda kazini. Natembea kutoka Kayole, napita Donholm, mpaka kwa Njenga. Mguu wa kushoto napuliza, wa kulia navuta. Na niligundua jambo ambalo waimbaji hawalijui. Mwimbaji lazima akate wimbo apate hewa. Kinanda cha mdomo kinakupa hewa kikiwa kinaimba. Kwa mapafu mabovu kama yangu, hiyo ni ala ya haki. Mwezi wa Julai nilikuwa nikikwama kila hatua kumi. Agosti nilikuwa nikifika kwenye kichochoro cha soko bila kukwama. Palikuwa na mlinzi kwenye geti moja la Donholm, Mtaita mmoja mwembamba, aliyenisikia kila asubuhi. Mwanzo alikuwa akifunga kidirisha. Baadaye akawa anakifungua. Siku moja akaniambia, "Mzee, leo umeruka mstari wa tatu." Nikarudi nyuma hatua ishirini nikaupiga upya mbele yake. Akatikisa kichwa, akanipungia mkono nipite.

Siku ya uchaguzi uwanja ulijaa. Afisa wa chama cha wafanyakazi kutoka tawini, Mwangangi, alikuja na daftari na saa ya simu. Andati akamfuata kabla hajafungua daftari.

"Bwana afisa, sheria ni mgombea ajisemee. Isije ikawa huyu mzee analeta msemaji."

"Ajisemee," Mwangangi akakubali. Akanitazama kwa huruma, nami huruma yake nikairudisha kwa macho.

Meneja naye alikuwa ameacha kompresa, mashine ya kusukuma hewa, ikinguruma pembeni ya uwanja, eti haizimwi katikati ya zamu. Andati alikuwa na kipaza sauti cha chama, kinakaa kabatini kwake.

"Watu wangu," akasema, na kipaza sauti kikaibeba sauti yake juu ya kompresa. "Mimi mnanijua. Mkubwa akifunga mlango, nani atawasemea? Huyu mzee wetu namheshimu. Lakini kiti hiki ni cha kuongea. Mtamtuma kwa meneja akanong'one kama anaungama dhambi?"

Watu wakacheka. Ilikuwa imesemwa vizuri, siwalaumu. Akamaliza na ajenda, ushirikiano, na sherehe ya mwisho wa mwaka. Kipaza sauti akakiweka chini upande wake.

Nikapanda juu ya paleti ya mbao ya kupakia mizigo. Mwangangi akabonyeza saa. Wale wa chumba cha kuchambua walisimama pamoja nyuma kabisa, nyusi zao nyeupe kwa nyuzi, wote wanaonekana kama wazee. Nikatoa kinanda mfukoni.

"Ni bathdei?" mtu akauliza kwa sauti. Kicheko kingine.

Nikapiga mstari wa kwanza. Sauti ya bati ni nyembamba na kali, na kompresa inanguruma chini kabisa, kwa hiyo hazikukutana hata kidogo. Ilipita juu yake kama mluzi. Niliona vichwa vya mwisho uwanjani vikigeuka. Lakini hakuna aliyeitikia. Nikapiga wa pili. Kimya. Wengi wa wale watu waliajiriwa juzi, hawakuwahi kusikia wimbo ule, na mimi kwenye hasira zangu zote sikuwa nimefikiria hilo. Waliokuwepo 2009 hatufiki hata arobaini. Dakika moja ilikuwa imekwisha.

Nikapiga wa tatu, miguu yangu mwenyewe ikigonga paleti.

"Tulikuwepo."

Alikuwa Mama Kaha wa kupakia, ambaye ana mwaka mmoja tu kabla ya kustaafu. Alisema bila kuimba, kama mtu anayejibu jina lake likiitwa. Halafu akapiga mguu. Nikarudia mstari, nikamtazama yeye peke yake, na safari hii walikuwa sita, halafu kumi na tano. Miguu ikafundisha wengine. Mguu hauhitaji kuwa ulikuwepo. Kijana wa ghala akamwuliza jirani yake wanaitikia nini, akaambiwa, akaitikia.

Nikafika mstari wa nne. Nikapanda, nikafika pale pa kuvuta, nikavuta, na nikaishikilia ile noti. Sikuimaliza. Nikaiacha ining'inie juu ya uwanja, hewa yote ya pale inaingia kifuani kwangu, na mbele yake pengo.

Wale wa nyuma, wenye nyusi nyeupe, ndio waliolijaza.

"Feni."

Hakuna aliyekuwa amepanga. Nikaanza upya. Tulikuwepo. Tulikuwepo. Tulikuwepo. Nikapanda, nikashikilia. Safari hii ilikuwa laini ya cherehani, ghala, kupakia, watu ambao chumba cha kuchambua hawajawahi kuingia. "Feni." Mabati ya paa la karakana yakajibu. Kwenye dirisha la ofisi pazia lilisogea. Mwangangi aliinua mkono kuonyesha dakika tatu zimekwisha, na nikashuka. Nilikuwa sijasema neno hata moja, na Andati hangeweza kusema kwamba sikujisemea.

Halafu mlolongo. Andati akasimama kushoto, mimi kulia. Mwangangi akataka kuhesabu kwa kutembea kando ya foleni na kalamu, na hapo nikamwita Perez nikamnong'oneza sikioni. Perez akakunja mikono.

"Mzee anasema kila mtu ajihesabu kwa mdomo wake. Foleni zote mbili. Namba yako unaisema mwenyewe, wote wasikie. Mwaka wa themanini na nane anaukumbuka."

Wazee wakaguna. Mwangangi akakubali, naye alikuwa na umri wa kuukumbuka.

Ya Andati ikaanza. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyotarajia. Wasimamizi wote walikuwa pale, na madereva, na wale wanaoogopa. Ikaishia themanini na nane, sauti ya mtu anayetazama viatu vyake.

Ya kwangu ikaanza na Mama Kaha. Moja. Namba zikawa zinatembea nyuma yangu na mimi sikugeuka, sheria ya mlolongo unatazama mbele. Nilizisikiliza tu. Thelathini. Hamsini na mbili, huyo ni kijana wa ghala. Sabini. Zilikuwa zinaongezeka kasi, kila mtu anadaka namba ya mwenzake. Themanini na tano. Sita. Saba. Themanini na nane ikasemwa polepole na mtu aliyejua anachosema, hata wa mbele kwenye foleni ya Andati wakanyoosha shingo.

"Themanini na tisa," akasema Perez.

Na namba haikusimama. Ilienda tisini, ikaenda mia, ikazunguka kona ya karakana, sauti ikawa ya mbali, ikapita mia na ishirini, na kutoka nyuma ya karakana nikasikia wale wenye nyusi nyeupe wakijihesabu mmoja mmoja, wakikohoa kati ya namba. Wa mwisho alikuwa mia arobaini na tatu. Wakanibeba. Nina miaka hamsini na saba sasa na goti bovu, nikawanong'oneza waniteremshe, hakuna aliyesikia.

Mkutano wa kwanza na kampuni ulikuwa Jumatatu iliyofuata. Meneja alikuwa ameketi mbali, mwisho wa meza, kama wanavyoketi wote, na mkataba mbele yake ukiwa umefunguliwa kwenye kifungu cha kumi na nne. Perez alikuwa upande wangu kama katibu.

"Karibu, shop steward," meneja akasema. "Tuanze. Una la kusema?"

Nikasema.

"Sikusikia."

Nikasema tena, kwa sauti ileile, kwa sababu sina nyingine. Akamtazama Perez ili amtafsirie. Perez alikuwa anaandika tarehe juu ya ukurasa, hakuinua macho. Meneja akafunga dirisha. Bado. Akawaambia wale wawili waliokuwa wakinong'onezana pembeni yake wanyamaze. Mwisho akachukua kiti chake mwenyewe, akaja nacho mpaka upande wetu wa meza, akakaa karibu nami kiasi kwamba niliona nywele za sikio lake, na akainama.

"Tarehe 9 Agosti 2011," nikamwambia. "Siku ya Jumanne, kabla ya chai. Andika."

Akaandika.